Taja Mtambo kwa Jina Lake Kabla ya Kuupaka Rangi

Hotuba ya afisa wa habari wa kaunti kwa wasimamizi wa wadi na maafisa wa ushirikishaji wa umma. Tunaichapisha jinsi ilivyotolewa.



Nimepewa nusu saa niseme kuhusu matangazo ya miradi. Nilikuwa nimeandaa hotuba nyingine kabisa. Nimeibadilisha juzi, baada ya mwenzetu mmoja kuniuliza swali tukiwa tunatazama michoro ya vituo vya kuhamishia taka. Mmeiona michoro hiyo. Kwa wale wazee ambao hawajaiona, kituo cha namna hii ni mahali ambapo mikokoteni na magari madogo yanayokusanya taka mitaani huja kumwaga mzigo wao, kisha taka hizo zikapakiwa kwenye lori kubwa na kupelekwa jaani. Taka hazikai hapo. Zinapita. Lakini zinapita kila siku.

Sasa, mchoro wenyewe ni mzuri. Paa la vigae, ukuta wa rangi ya maziwa, ua wa bogenvilia, lango la mbao. Ukiuona kwa mbali utadhani ni nyumba ya mwalimu mkuu aliyestaafu vizuri. Hakuna kibao. Mwenzangu akaniuliza: "Kwa nini tangazo liseme taka? Tuseme kituo cha huduma. Tujenge, watu wazoee, halafu tutawaeleza polepole."

Sikumcheka, kwa sababu miaka michache iliyopita mimi mwenyewe nilifanya jambo hilo hilo. Nitawasimulia. Kwanza nataka mjue kwamba wazo hilo si geni, na wala si la wajinga. Miji mikubwa ya dunia imelitumia kwa zaidi ya miaka mia moja na hamsini, na tunaweza kuona limewafikisha wapi.

Tuanze London. Kuna mtaa unaitwa Leinster Gardens, wenye nyumba ndefu nyeupe zilizoshikana. Nambari 23 na 24 zina milango, nguzo, roshani na madirisha kama za jirani zake. Ila mlango haufunguki, na vioo vya madirisha ni rangi tu iliyopakwa ukutani. Nyuma ya ukuta huo hakuna sebule wala jikoni. Kuna shimo wazi, na chini yake reli. Katika miaka ya 1860 kampuni ya Metropolitan Railway ilikuwa ikichimba njia ya treni za chini ya ardhi, na treni za siku hizo ziliendeshwa kwa mvuke. Zilihitaji mahali pa kutolea moshi. Nyumba mbili zikabomolewa, na ili mtaa wa wenye nacho usibaki na pengo kama meno ya mzee, ukajengwa ukuta wa mbele peke yake. Upo hadi leo. Watalii huenda kuupiga picha.

New York wana yao pale Brooklyn, nambari 58 mtaa wa Joralemon: nyumba ya matofali ya karne ya kumi na tisa, vioo vyeusi, ambayo ndani yake ni njia ya hewa na mlango wa dharura wa treni ya chini ya ardhi. Paris wana yao barabara ya La Fayette. Lakini waliolifanya jambo hili kuwa desturi ya kazi ni watu wa Toronto, kule Kanada.

Shirika la umeme la mji wa Toronto lilianza kusambaza umeme mwaka 1911. Umeme ukija kutoka mbali huja na nguvu kubwa mno, lazima upunguzwe nguvu karibu na nyumba za watu. Kwa hiyo transfoma zilipaswa kuwekwa katikati ya mitaa. Wahandisi wakaamua kuzijengea nyumba. Si kibanda, nyumba kamili: paa la mgongo, baraza, kinjia cha kuelekea mlangoni, nyasi zilizokatwa. Kwa miongo mingi wakajenga zaidi ya 250 za namna hiyo, na mtindo ukabadilika kadiri nyumba za majirani zilivyobadilika. Mpiga picha mmoja wa huko, Robin Collyer, alizipiga picha nyingi katika miaka ya 1980, na ukizitazama unachogundua ni kitu kidogo tu: hakuna mtu. Hakuna nguo kwenye kamba, hakuna baiskeli ya mtoto, hakuna anayetoka asubuhi.

Niwape haki yao wahandisi wa Toronto. Ile ilikuwa heshima. Walijiuliza mtu anayeamka mkabala na mtambo ataona nini akifungua dirisha. Sisi hapa mara ngapi tumejiuliza hilo? Tunaweka tangi la maji juu ya vyuma, tunalizungushia waya wa seng'enge, tunaondoka. Kwa hiyo msinielewe kwamba nasema sura haina maana. Sura ina maana kubwa, na mtaa wa mabati una haki ya kuupata uzuri huo sawa na mtaa wa magorofa.

Kwa hili niruhusuni nichepuke kidogo. Mmeiona minara ya simu iliyovishwa umbo la mnazi, makuti ya plastiki yasiyotikisika upepo ukivuma. Hebu kumbukeni mliiona wapi. Mimi niliyoiona ilikuwa karibu na hoteli na mitaa yenye mageti. Mitaa mingine hupata chuma kitupu. Ikiwa gharama ya kupendezesha inatolewa pale tu palipo na watu wenye mawakili, basi hatupendezeshi mtaa, tunanunua ukimya.

Turudi Toronto. Mwaka 2008, transfoma iliyokuwa ndani ya moja ya nyumba zile ililipuka na kuwaka moto, katikati ya makazi ya watu. Hebu jiweke katika nafasi ya jirani. Aliyejua kwamba ile ni transfoma alijua kwamba ndani mna mafuta na umeme, na kwamba hasogei na ndoo ya maji. Asiyejua aliona nyumba ya jirani inaungua, na wasamaria wema hukimbilia nyumba inayoungua. Hapo ndipo ninapoona tofauti kati ya kupamba na kuficha. Ukuta mzuri haumdhuru mtu. Anachodhurika nacho jirani ni kutojua kilicho nyuma yake.

Sasa nije kwa mfano ambao ningependa mwende nao nyumbani, kwa sababu unafanana na kazi yetu kuliko mingine yote. Ni wa majitaka.

Upande wa magharibi wa kisiwa cha Manhattan, New York, kuna mto Hudson. Kwa miaka mingi majitaka ya upande huo yaliingia mtoni bila kusafishwa. Serikali ya mji ikaamua kujenga mtambo mkubwa wa kuyasafisha. Mpango wa mwanzo ulikuwa ujengwe karibu na barabara za sabini na kitu, eneo la watu wenye uwezo. Haukujengwa hapo. Ulipelekwa kaskazini, Harlem Magharibi, kati ya barabara ya 137 na ya 145, mahali ambapo wakazi wengi walikuwa Waamerika weusi na watu wenye asili ya nchi za Amerika ya Kusini na visiwa vya Karibi. Wakazi walikataa. Wakaambiwa: msiwe na wasiwasi, juu ya paa la mtambo tutawajengea bustani.

Na ahadi hiyo ilitimizwa, tena kwa ukarimu. Riverbank State Park ilifunguliwa mwaka 1993. Ekari 28 juu ya paa la mtambo, kando ya mto. Kidimbwi cha kuogelea, uwanja wa riadha, mahali pa kuteleza kwenye barafu, ukumbi wa michezo ya kuigiza. Chini ya miguu ya watoto wanaokimbia hapo, mtambo una uwezo wa kusafisha takribani lita milioni 640 za majitaka kwa siku. Mtu anaweza kucheza mpira hapo saa tatu nzima asijue.

Tatizo ni kwamba mtambo ulianza kazi mwaka 1986, miaka saba kabla ya bustani kufunguliwa, na harufu haikusubiri bustani. Ilipanda hadi kwenye nyumba za watu. Wakazi walilalamika kwamba macho yanawasha na vifua vinabana, na hawangeweza kufungua madirisha majira ya joto. Wakubwa wakawajibu kwa miaka kadhaa kwa lugha ambayo naijua vizuri, kwa sababu ni lugha ya ofisi kama yangu: tunafuatilia, tunachunguza, harufu huenda inatoka kwingine.

Januari 1988, siku ya kumkumbuka Martin Luther King, wakazi waliingia barabarani na kusimamisha magari mbele ya mtambo, baadhi wakiwa wamevaa vinyago vya kuzuia hewa chafu. Saba wakakamatwa. Mmoja wao alikuwa Peggy Shepard, kiongozi wa chama katika eneo hilo. Mwaka huo huo yeye na wenzake walianzisha shirika la kutetea mazingira ya Harlem, WE ACT. Wakaenda mahakamani. Mwishoni mwa mwaka 1993 serikali ya mji ilikubali kumaliza kesi: fedha dola milioni 1.1 kwa mfuko wa jamii, na wakazi kupewa nafasi ya kusimamia utekelezaji wa mpango wa kurekebisha harufu, mpango uliogharimu dola milioni 55.

Tazameni mpangilio wa mambo hayo. Bustani ilikuwa nzuri, na hadi leo watu wa Harlem wanaitumia na kuipenda. Lakini bustani haikuondoa harufu. Kilichoondoa harufu ni vichujio, na vichujio vilikuja kwa sababu jirani alijua kilichoko chini ya bustani, alijua ni cha nani, na alijua mlango wa kubisha. Laiti wangefaulu kuuficha kabisa mtambo ule, harufu ingebaki bila mwenyewe.

Kuna mji mmoja uliofuata njia nyingine, Vienna, Austria. Wana mtambo wa kuchoma taka katikati ya mji, pale Spittelau, na joto lake hupasha nyumba wakati wa baridi. Mwaka 1987 mtambo huo uliungua. Walipoamua kuujenga upya palepale, meya alimwomba msanii Hundertwasser aubuni sura mpya. Huyu alikuwa mtetezi wa mazingira na mwanzoni alikataa. Alikubali baada ya kuhakikishiwa kwamba mitambo ya kusafisha moshi itakuwa ya kisasa. Leo jengo lina rangi za kila namna, miti juu ya mapaa, na bomba la moshi lenye tufe la dhahabu linaloonekana mji mzima. Ile si nyumba ya uongo. Hakuna anayepita pale akadhani ni kanisa au hoteli. Kila mtu anajua ni tanuri la taka, na linapendeza. Copenhagen nao, tangu mwaka 2019, watu huteleza kwa ski juu ya paa la mtambo wao wa kuchoma taka, huku bomba likitoa mvuke juu ya vichwa vyao. Wamejenga uzuri bila kufuta jina.

Hapa kwetu Kenya, nani asiyekumbuka Kibarani? Miaka nenda miaka rudi, mgeni anayeingia kisiwani Mombasa kwa barabara alikaribishwa na moshi na rundo la taka kando ya bahari. Mwaka 2018 jaa lile lilifungwa. Pakasawazishwa, pakapandwa miti na nyasi. Ukipita leo utafurahi, na mimi hufurahi. Lakini taka za Mombasa hazikukoma siku Kibarani ilipofungwa. Zilielekezwa Mwakirunge. Silaumu aliyefunga Kibarani, ilipaswa kufungwa. Nasema tu kwamba mwenye gari akisema "wamesafisha," mkazi wa Mwakirunge ana maelezo yake ya ziada, na ofisi ya habari inayompigia picha mwenye gari peke yake imefanya nusu ya kazi.

Sasa niwatubie.

Nilipoanza kazi ya serikali nilikuwa nimetoka kwenye magazeti, nina digrii yangu ya uanahabari, na nilijiona bingwa wa maneno. Kazi yangu ya kwanza kubwa ilikuwa tangazo la mkutano kuhusu mtambo mdogo wa kusafisha majitaka. Mahali penyewe sitapataja, wengine wenu mnapajua. Kulikuwa na kiwanja cha umma, juu kidogo ya mtaa, na eksosta zingekuwa zikileta mzigo hapo badala ya kuumwaga mtoni usiku kama zilivyokuwa zikifanya. Mradi ulikuwa mzuri, na hadi leo nasema hivyo. Niliogopa neno tu. Nikaandika: "Mkutano wa umma kuhusu Kituo cha Kuboresha Mazingira." Nikaweka picha ya mti.

Watu walikuja wengi kuliko tulivyotarajia. Nilifurahi sana. Nikamwona mama mmoja mstari wa mbele amekuja na gunia tupu amelikunja vizuri magotini. Nikamsalimia, nikamuuliza gunia ni la nini. Akaniambia, "Si mnagawa miche?"

Kumbe alisoma picha yangu, akasoma neno mazingira, akajua serikali inagawa miche ya miti. Na hakuwa peke yake.

Mhandisi aliposimama, yeye hakuwa na maneno matamu. Alifungua mchoro akasema: eksosta zitaingia hapa, kinyesi kitatulia hapa, maji yatatokea kule. Uwanja ukanyamaza. Halafu mzee mmoja akainuka, akanitazama mimi wala si mhandisi, akasema, "Mwanangu, wewe umesoma. Neno choo limekushinda?"

Watu walicheka, lakini kicheko hicho hakikuwa cha furaha. Baada ya hapo hakuna aliyetaka kusikia lolote. Mhandisi alisema ukweli mtupu kuhusu harufu, kuhusu ukuta, kuhusu miti ya kuzunguka, na kila neno lilipokelewa kama uongo wa pili. Walichokuwa wakiuliza ni kimoja: ikiwa ni kitu kizuri, mbona mlificha jina? Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi nilikuwa nimekitembeza kitu chema kwa namna ya kibaya. Mkutano ulivunjika, na mama yule akaondoka na gunia lake tupu. Sijamsahau.

Ilituchukua miezi minane kurudi pale. Nataka mzingatie yaliyotokea tuliporudi, maana ndiyo sababu hasa ya hotuba hii. Safari ya pili tangazo lilisema mtambo wa kusafisha majitaka, likasema eksosta, likasema kinyesi. Wakaja wachache zaidi, na wengine walikuja kupinga. Lakini waliokuja walizungumza kuhusu mtambo. Mama mmoja akasema njia mliyochora kwa ajili ya eksosta inapita mbele ya lango la shule ya msingi, na saa mbili kasorobo asubuhi hapo pana watoto mia kadhaa na hakuna kando ya barabara. Hatukujua. Mhandisi alikuwa amepita pale wakati wa likizo. Mzee mwingine akaonyesha kwa fimbo mahali penye kisima ambacho hakimo kwenye ramani yetu yoyote, kinachotumiwa na nyumba zilizoko bondeni msimu wa kiangazi. Bomba letu la maji yaliyosafishwa lilikuwa limechorwa kupita karibu nacho. Likahamishwa. Eksosta zikapewa saa zao na njia ya nyuma.

Fikirieni kwamba hila yangu ya kwanza ingefaulu. Watu wangepiga makofi kwa ajili ya miche, sahihi zingekusanywa, mtambo ungejengwa, na lori la kwanza lingepita langoni pa shule wakati watoto wanaingia. Tulidhani tunawaficha wao. Kumbe tulikuwa tumejifunga macho sisi. Jirani asipojua unajenga nini, hawezi kukuambia usijenge wapi.

Kuhusu sheria nitapita haraka, kwa sababu mwanasheria wa kaunti atakuwa nanyi alasiri. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 35, inampa raia haki ya kupata habari zilizoko mikononi mwa serikali. Kifungu cha 42 kinampa haki ya mazingira safi, na cha 69 kinaitaka serikali ihimize ushiriki wa umma katika kuyatunza. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 ina sehemu nzima kuhusu ushirikishaji wa wananchi na nyingine kuhusu mawasiliano, hiyo ya pili ndiyo mkate wangu. Na kwa miradi inayohitaji utafiti kamili wa athari kwa mazingira, kanuni za mwaka 2003 zilitaka mabango, tangazo la gazeti, tangazo la redio kwa lugha rasmi na ya wenyeji, na mikutano isiyopungua mitatu na watakaoathirika. Sasa niambieni, mkutano ambao watu waliitiwa miche unahesabiwa kuwa mkutano wa nini? Wakili yeyote aliyeamka vizuri atauvunja kwa dakika tano.

Najua mnachofikiri. Mnafikiri: ukisema taka, watakataa. Baadhi watakataa. Sitawadanganya. Kuna mitaa itakayokataa hata tukiwaletea ramani ya dhahabu, na wakati mwingine watakuwa na haki, kiwanja chenyewe hakifai na sisi tulikichagua kwa sababu kilikuwa rahisi. Lakini mwenye kukataa leo akijua anachokataa, kesho unaweza kumpeleka akaone kituo kinachofanya kazi mahali pengine, akinuse kwa pua yake, aulize majirani wa pale. Aliyedanganywa huwezi kumpeleka popote. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na taka nazo zina namna zao za kumuumbua aliyezificha. Nzi hawasomi kibao. Lori lenye tani kumi halinong'oni.

Basi tangazo liweje? Nitawaomba mlifikirie kama barua kwa mtu atakayeishi na kitu hiki miaka thelathini. Mstari wa kwanza utaje kitu kwa jina ambalo mama muuza mboga angelitumia akimweleza shoga yake. Kituo cha kupakia taka. Mochari. Mtambo wa majitaka. Usiseme "kituo cha huduma jumuishi," usiseme "suluhu endelevu." Ukimaliza mstari wa kwanza, sema jirani atasikia nini, atanusa nini, ataona malori mangapi na saa ngapi. Kama mhandisi hajakupa idadi ya malori, usilichapishe tangazo, mrudie mhandisi. Nimegundua kwamba mara nyingi hajakupa kwa sababu naye hajaihesabu, na swali lako ndilo litakalomfanya aihesabu.

Kisha sema tutafanya nini kupunguza usumbufu, na hapo ndipo ukuta mzuri, miti na paa la vigae vinapoingia. Viweke kwa fahari. Uliza hata watu wachague rangi, wachague miti, maana wao ndio watakaoitazama. Mwisho weka nambari ya simu inayopokelewa. Nasema inayopokelewa. Wiki jana nilipiga nambari tano zilizoko kwenye mabango yetu ya miradi. Mbili zilipokelewa, na moja kati ya hizo ilikuwa ya kinyozi.

Na kibao kibaki langoni hata ujenzi ukiisha. Jengo liwe zuri kadiri bajeti inavyoruhusu, lakini liandikwe ni nini, ni la idara gani, na ndani mna hatari gani. Mtoto wa jirani aliyezaliwa baada ya mkutano wetu naye ana haki ya kujua kilichoko nyuma ya bogenvilia.

Wazee wa mitaa, nina ombi moja kwenu. Nyinyi mnajua visima visivyo kwenye ramani, mnajua maji ya mvua hupita wapi, mnajua kiwanja kipi kilizikwa watu. Mkiona tangazo letu limeandikwa kwa maneno msiyoyaelewa, msidhani ni nyinyi mmeshindwa kusoma. Nirudishieni mkononi, mniulize kama yule mzee alivyoniuliza.

Rasimu za matangazo ya vituo vitatu vya kuhamishia taka zinifikie kabla ya Ijumaa saa sita mchana, kwa Kiswahili na kwa lugha ya wenyeji wa kila wadi. Michoro iko kwenye meza ile ya nyuma karibu na chai. Nimeipanga upya asubuhi: wa juu ni ule unaoonyesha malori yanavyoingia na kutoka, na wenye maua uko chini yake. Tafadhali msiibadilishe.